Nusu Saa Iliyojificha Kwenye Sufuria

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa, na kabla ya hapo nilikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Kasesya na Sumbawanga mjini, kwa hiyo msinitegemee niongee polepole. Nikiwa na jambo tamu mdomoni siwezi kulimumunya. Niwaambie mapema: niliitafuta nusu saa kwa miezi minne, nikaipata, na siku niliyoipata nilipiga honi mfululizo katika uwanja wa kituo cha afya mpaka muuguzi wa zamu akatoka na glavu mikononi, kuniuliza kama nimerukwa na akili. Nilimjibu kwamba ndiyo, nimerukwa, aje aone.

Nusu saa yenyewe ilipotea hivi. Kituo chetu kipo juu ya uwanda wa Ufipa, upande wa kwenda mpakani, mahali ambapo mwezi wa saba upepo unapuliza hadi mbwa wanahamia jikoni. Hakina chumba cha upasuaji. Mgonjwa wa kupasuliwa nampeleka mimi mjini, kwanza kwa barabara ya vumbi, halafu lami, na kiangazi safari ni saa moja na dakika kumi kama sijakutana na ng'ombe. Mvua za kwanza zilipoanza, nilimpeleka mama mmoja aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Mama alipona. Mtoto alitolewa, hakulia. Daktari wa mjini, kijana mpole sana, alitoka akavua barakoa na kusema bila kumlaumu mtu, "Mngewahi hata nusu saa." Kisha akarudi ndani. Nikabaki koridoni na funguo za gari mkononi.

Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Nusu saa! Mtu ambaye nimeendesha lori na shehena ya mahindi kwenye utelezi, nikafika kabla ya wenzangu wote, leo ninaambiwa nimechelewa nusu saa na mtoto hayupo.

Wiki mbili baadaye binti yangu alikuja nyumbani kusalimia. Ni binti yangu wa pekee, ameolewa hapo hapo kijijini, hatua chache kutoka kituoni. Alimnong'oneza mama yake jikoni, mama yake akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mjukuu wa kwanza. Wakati wa kuondoka binti alinigeukia akicheka. "Baba, mambo yakiwa magumu utanipeleka wewe mwenyewe," akasema. Nami nikacheka. Usiku huo sikulala, nahesabu miezi kwa vidole. Mwezi wa saba. Nilikuwa na mpaka mwezi wa saba kuitafuta ile nusu saa.

Mchawi wetu tulikuwa tunamjua, au tulidhani tunamjua. Mchawi alikuwa barabara, na msaidizi wake alikuwa gari. Kila kikao cha kamati ya kituo, yaani wale wanakijiji wanaosimamia kituo pamoja na wahudumu, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Springi zimekufa, klachi inateleza, madaraja ni mabovu, tunataka gari jipya. Nilikuwa na hotuba, jamani, na nilikuwa naipenda.

Mganga mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, ni dada mwembamba mwenye macho makali. Kwa umri ni mwanangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa namwogopa. Kikao kilichofuata alinisikiliza mpaka mwisho, akasema barua za kuomba gari zimeshaandikwa nyingi na zote zimejaa masikitiko. Safari hii tuandike dakika. Akatoa daftari la shule kwenye mtoto wa meza, akalichora mistari kwa rula. Safu ya kwanza, saa ambayo muuguzi ametamka kwamba mgonjwa huyu ni wa rufaa. Ya pili, saa magurudumu yalipoanza kuzunguka. Ya tatu, saa tulipogusa lami. Ya nne, saa ya geti la hospitali mjini. Kitabu changu cha safari kilikuwa kinajua kilomita na dizeli tu. Dakika hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nililipokea lile daftari kwa nia mbaya kabisa. Nilitaka kuiumbua barabara. Nilinunua kalamu mbili, nikaifunga moja kwenye usukani kwa uzi, nikasema sasa tutaheshimiana.

Miezi ya mvua ikawa inapita. Nikaandika. Mgonjwa wa ngiri, mtoto aliyeungua, mama wa pacha, fundi aliyeanguka kutoka juu ya paa. Sikujumlisha chochote, kazi yangu ilikuwa kukusanya ushahidi, kesi tutasoma baadaye. Mpaka mchana mmoja wa mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, nimekaa garini uwanjani, mgonjwa wa kidole tumbo yupo tayari ndani anaugulia, dripu inadondoka, na safari haijaanza. Kwa kukosa la kufanya nikafungua daftari nikaanza kutoa na kujumlisha pembeni kwa kalamu.

Kutoka lami mpaka hospitali, dakika zilikuwa zile zile kila safari. Kutoka kituoni mpaka lami, mvua iliongeza dakika kumi, siku mbaya kumi na tano. Basi! Barabara yangu mbovu, mchawi wangu wa miaka yote, hakuwahi kula zaidi ya robo saa. Nikarudi safu ya kwanza na ya pili. Dakika arobaini. Hamsini na tano. Saa moja na dakika tano. Mara moja, saa moja na nusu. Gari limesimama! Mgonjwa amelala, dereva yupo, tangi limejaa, na gari limesimama.

Nikainua macho kuona tunasubiri nini wakati huo. Tulikuwa tunamsubiri shemeji wa mgonjwa, aliyekwenda kuazima sufuria.

Hapo ndipo nilipopiga honi.

Niwaeleze wasio wa huku. Kwetu mgonjwa hapelekwi mjini mikono mitupu. Huko hospitalini ndugu ndio wanaompikia na kumfulia, na baridi ya Sumbawanga mnaisikia tu redioni. Kwa hiyo lazima kuwe na unga, maharage, chumvi, sufuria, ndoo, blanketi la mgonjwa na blanketi la anayemuuguza. Nyumba nyingi zina sufuria moja kubwa, na watoto wanaobaki nao lazima wale, hivyo mtu anatumwa kuazima. Anayeazimwa naye yupo shambani. Unga umeisha, mashine ya kusaga ipo kule juu. Ukimwondoa mgonjwa bila hivi vitu watu watasema mmemtupa, na maneno hayo hayafutiki ukoo mzima. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuita muda ule kusubiri. Niliuita adabu. Nilikuwa nazima injini naenda kunywa chai, na nikifika mjini nalaumu springi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimaliza.

Mganga mfawidhi alilichukua daftari akalisoma kimya ukurasa kwa ukurasa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Dereva," akasema, "umejinyima gari jipya kwa mkono wako." Nikamwambia gari likae huko huko liliko, mimi nimeipata nusu saa. Tukashikana mikono kama watu waliotoka kufunga goli.

Kamati haikutupokea kwa furaha hiyo. Mwenyekiti, mzee wa heshima zake, alisema hawezi kusimama mbele ya watu awaambie waache kumfungashia mgonjwa wao. Akamalizia na haraka haraka haina baraka. Mimi na hasira zangu nikadakia bila kufikiri: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Nilikuwa nimesahau kwamba baba mkwe wa yule mama wa mvua za kwanza alikuwa mjumbe, na alikuwa amekaa pale pale karibu na dirisha. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee yule alizungumza taratibu, kila mtu akamsikia.

"Siku ile tulikuwa tunasubiri blanketi. Mimi ndiye niliyekwenda kuliazima. Niliona nafanya vizuri."

Kila mmoja pale angefanya vile vile. Mwenyekiti alikohoa akasema basi, tutafute namna, lakini namna ambayo mtu hataona haya.

Namna yenyewe ilikuwa imo ndani ya daftari, na niliipita mara tatu nikidhani nimekosea kuandika. Katika ule msururu wa hamsini na sitini kulikuwa na safari moja ya dakika nane. Nane! Walikuwa watu wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, wanaokaa kule uwanda unapoanza kuteremka. Jumamosi moja nilikodi bodaboda nikaenda kuwauliza. Nilimkuta bibi wa familia ile anapura maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, akanipa kigoda na maziwa mgando kabla hajaniuliza shida yangu. Nilipomweleza kwamba nimekuja kwa ajili ya dakika nane, alinitazama kama ninavyotazamwa na trafiki nikitoa leseni iliyokunjwa.

Akaniingiza ndani akanionyesha. Ukutani, kwenye kigingi, kilining'inia kifurushi kimefungwa kwa shuka. Ndani yake sufuria, unga wa siku nne, chumvi, kiberiti, blanketi mbili zimekunjwa. Hakifunguliwi kwa kazi nyingine, na unga hubadilishwa kabla haujachacha. Akasema wao ni watu wa ng'ombe. Malisho yakiisha, mtu haanzi kutafuta sufuria, anaondoka. Mgonjwa naye ni safari tu, kwa nini afungashiwe siku anayougua?

Nilitaka kumbusu yule bibi. Badala yake nilimaliza maziwa na kuomba ya pili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi wenyeji tumekaa na hawa watu miaka yote bila kuuliza kwenye ukuta wao kumening'inia nini.

Basi tukaamua kituo kiwe na mzigo wake, tayari muda wote, anayeondoka na rufaa anauazima pale pale na akirudi anaurudisha. Lakini hatukumsikiliza bibi vizuri. Sisi watu wa vikao tunapenda vitu vyenye kufuli. Tukasema shuka ni ushamba, tutengeneze sanduku. Tukampa kazi fundi seremala wa kijijini, fundi mzuri, akatoa mbao za msindano, akapiga randa, akapaka vanishi hadi unaona meno yako. Refu, ili blanketi zilale vizuri. Mishikio miwili huku, miwili huku, ili watu wanne wabebe.

Mmeshaona, eti? Sisi hatukuona. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee wa ngiri iliyojinyonga. Wauguzi wawili na mimi na mlinzi tukatoka stoo tumelibeba sanduku kwa heshima zote kuelekea garini. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Alipoliona aliachia yowe ambalo sijapata kulisikia, mabinti wakapokea, watu waliokuwa kliniki ya watoto wakavua kofia. Na mzee mwenyewe, amelala kwenye machela, akageuza shingo polepole, akalitazama lile sanduku kutoka mwanzo hadi mwisho. "Jamani," akasema, "mimi bado nipo."

Ilituchukua saa moja na robo kuondoka siku ile, kwa sababu ya kubembeleza. Mzee alipona, na mpaka leo tukikutana ananiuliza kama sanduku lake bado lipo. Lakini mimi nilikwenda kwa fundi nimefura. Nilimuuliza anatengeneza nini siku zote. Akanijibu kwa utulivu kwamba kijijini hapa hakuna anayeagiza kabati, kazi zake ni majeneza, na alitumia vipimo anavyovijua. Ningegomba naye vipi? Sanduku likawa la kuhifadhia mafaili.

Tulimfuata bibi kwa unyenyekevu. Alikuja siku ya mnada, akaketi kwenye benchi la mapokezi, akatandika shuka jekundu la mistari sakafuni, akapanga vitu, sufuria katikati, unga kwenye ndoo yenye mfuniko, blanketi juu. Akafunga mafundo mawili makubwa yenye masikio. Mganga mfawidhi akamuuliza, kwa kiherehere cha kisomi, kama shuka ni imara kuliko sanduku. Bibi akasema imara siyo hoja.

"Mtu akiuona huu mzigo," akasema, "ajue ni mzigo wa mtu anayerudi."

Mganga mfawidhi aliandika maneno hayo kwenye karatasi akayabandika stoo, juu ya kigingi. Yapo mpaka leo.

Kina mama wa jumuiya ya kanisa walileta unga na maharage. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, alichagua maharage punje kwa punje kana kwamba yanakwenda harusini. Blanketi nilikwenda kutafuta mjini, mtaa wa Majengo, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye zamani nilikuwa nambebea mzigo kutoka mpakani, na nilikwenda nimejiandaa kupatana bei. Aliposikia ni za nini aliweka nne juu ya meza, akaanza kumhudumia mteja mwingine ili nisipate nafasi ya kumshukuru.

Lakini wanaume, nyie! Mzee mmoja alisema familia yake haitakula unga wa watu kama wakimbizi. Hapo ndipo yule baba mkwe, mzee wa blanketi, alipotufaa kuliko sisi wote. Alimwambia mwenzake kwamba hata zamani walikuwa wanaazima, tena kwa kukimbia jasho likiwatoka. Sasa wameazima mapema, basi. Kuazima sufuria kwa jirani hakujawahi kuwa aibu, na kituo ni jirani. Ndani ya ndoo tukachora alama ya rangi. Ukirudi, sufuria imeoshwa, blanketi zimefuliwa, unga umefika kwenye alama. Wakaelewa. Tena baada ya muda ndoo zikaanza kurudi zimepita alama, maana hakuna Mfipa anayekubali kurudisha ndoo ya jirani kwa kipimo.

Oyaa, nyie mngeona dakika zilivyoshuka! Safari ya kwanza ya kifurushi, ishirini na mbili. Ya pili, kumi na tisa. Muuguzi akatambua mwenyewe kwamba barua ya rufaa alikuwa anaiandika baada ya ndugu kufika, sasa akawa anaiandika kwanza na kupiga simu mjini wakati mimi natia ufunguo. Kumi na nne. Tukakubaliana ndugu mmoja tu ndiye anayepanda, wengine wafuate kwa nafasi yao. Kumi na moja. Vijana wa bodaboda pale getini walikuwa wananiuliza nikirudi, "Mambo vipi, mzee, leo ngapi?" na mimi nawajibu kwa vidole. Mlinzi ambaye zamani alikuwa anafungua geti kwa kutafuta kwanza kandambili zake, sasa akisikia neno rufaa anakimbia peku. Na hakuna aliyetupa fedha wala gari. Gari ni lile lile, springi zile zile. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwa na hamu ya kazi kama kijana aliyepewa leseni jana.

Mwezi wa saba ukafika.

Binti yangu aliingia kituoni alfajiri. Nilikagua matairi mara nne. Saa nne asubuhi, jua limetoka lakini upepo unakata masikio, mkunga alitoka nje akanitazama usoni, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua. Njia haifunguki, mapigo ya mtoto yanaanza kushuka. Rufaa.

Mlinzi alikimbilia geti. Barua ilikuwa tayari. Kifurushi kilipandishwa, binti akapandishwa, muuguzi akaketi pembeni yake, na injini ilikuwa inanguruma. Dakika saba. Nilikuwa sijapata kufikia saba.

Halafu nikauliza mama yake yupo wapi.

Mama yake alikuwa amekimbia nyumbani. Kulikuwa na blanketi jipya la mtoto alilolinunua Majengo, na kulikuwa na sufuria yake kubwa, ile ya harusi yetu. Yeye, aliyechagua maharage ya kile kifurushi punje kwa punje! Lakini binti yake wa pekee hakuweza kwenda mjini na mzigo wa watu wote. Na nyie mnadhani mimi nilikasirika? Mimi, mwenye daftari, mwenye honi, niliyemkaripia mwenyekiti mbele za watu? Nilizima gari. Nilisema, na sauti yangu niliisikia ikiwa ya kistaarabu kabisa, tumsubiri mama yake kidogo. Moyoni niliona wazi kabisa kwamba hii haikuwa kuchelewa. Hii ilikuwa adabu.

Muuguzi hakugombana nami. Alilichukua daftari juu ya dashibodi, akalifungua kwenye safari ya leo, akaniwekea kalamu mkononi. "Andika basi," akasema. "Andika tunasubiri sufuria."

Niliweka kalamu kwenye karatasi. Mkono ukakataa. Kwa nyuma nikasikia sauti ya binti yangu, imekauka, katikati ya uchungu.

"Baba, washa gari."

Niliwasha. Sikumbuki geti. Nakumbuka kioo cha pembeni, na ndani yake, mbali, mwanamke anatoka kwenye uchochoro wetu na sufuria kichwani, anapunga mkono. Nilimwona, na sikusimama. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijamfanyia jambo gumu kama hilo. Nilikanyaga mafuta huku machozi yananitoka, na muuguzi nyuma anahesabu mapigo kwa sauti ili nisikie kwamba bado yapo.

Mjini walikuwa wanatusubiri na machela nje. Mlango ukafungwa, nikabaki koridoni pale pale, na funguo zile zile mkononi, natazama saa ya ukutani kwa sababu sijui kuomba nikiwa nimesimama. Dakika kumi. Kumi na tano. Dakika ya ishirini na sita, nyuma ya ule mlango, mtoto alilia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyekatishwa usingizi, na mimi nikakaa chini sakafuni.

Mkunga wa hospitali, mtu mzima, alitoka kunipa habari kwamba wote wawili ni wazima, na ni wa kiume. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu mvua za kwanza: je, tungechelewa nusu saa? Alinitazama kidogo, akainama akanishika bega. "Usiniulize hivyo, babu," akasema.

Babu.

Nilikuwa bado pale chini niliposikia pikipiki inazimwa nje. Mke wangu aliingia koridoni, vumbi mpaka kwenye kope, blanketi jipya kwapani, sufuria ya harusi yetu kichwani. Nilitazama saa ya ukutani. Tangu tufike zilikuwa zimepita dakika thelathini na nane. Majira yote ya mvua nilikitafuta kile kitu kilichokula nusu saa, kwenye springi, kwenye matope, kwenye daftari, na sasa kilikuwa kinakuja kunielekea kwa miguu yake, kimejitwika sufuria, kinanipenda, na kimekasirika.

"Wewe mwanaume," akaanza, "umeniona, ukaniacha barabarani na sufuria kichwani?"

Mlango aliotokea mkunga ulikuwa wazi, na mtoto akalia tena. Mke wangu alinyamaza na mdomo wazi, nami nikanyanyuka, nikampokea sufuria ili aweze kukimbia.